Mume wangu anasema hanunui nusu nyumba

Shangazi, assalamu alaykum.

Baada ya salamu, mimi ni mwalimu wa skuli ya msingi, umri wangu miaka 36, nina mume na watoto watatu. Tunakodi Mpendae, hapa mjini Unguja, huu mwaka wa tisa. Mwenye nyumba ametwambia mwanawe anaoa mwezi wa sita, kwa hivyo tutafute pa kwenda. Hatukugombana naye. Nyumba ni yake.

Tumejikusanya. Mume wangu anafanya kazi bandarini Malindi na amekuwa akiweka kidogo kidogo. Mimi nina fedha za mikate ya kumimina ninayopika kila siku alfajiri na kuipeleka maduka manne ya hapa mtaani kabla sijaenda skuli. Ukijumlisha na fedha tulizoahidiwa na benki, hatuwezi kuvuka milioni 90. Kwa kiasi hicho tumepata nyumba mbili zenye maana, na hizo mbili ndizo zinazotukosesha usingizi.

Ya kwanza iko Kiembesamaki. Ni nyumba pacha, yaani mbili zimejengwa pamoja, ukuta mmoja katikati, bati moja juu, na kila upande una mlango wake na kiua chake nyuma. Upande tunaouziwa una vyumba vitatu, jiko, choo cha ndani na cha nje. Imekwisha kila kitu. Dari ipo, marumaru yapo, mfereji unatoa maji, mita ya umeme ya Tukuza inasoma. Bei ni milioni 85. Kutoka hapo skuli naenda kwa miguu, chuo cha Kurani cha watoto kiko nyuma ya nyumba, na mume wangu akitoka barabarani anapanda daladala ya 505 hadi mjini.

Lakini Shangazi, nilipokaa chumba cha nyuma nikasikia mtu upande wa pili anakohoa. Si kwa mbali, ni kama yuko kitandani kwangu. Dalali alicheka, akasema nitazoea. Upande huo wa pili yuko mpangaji, na mwenye nyumba hauzi pande zote, anauza huu tu na ule anabaki nao. Dalali aliropoka kwamba mpangaji akitoka "huenda akaweka wageni". Karo, yaani shimo la maji machafu, ni moja kwa nyumba zote mbili. Nilipouliza hati nikaambiwa ipo, ni ya kiwanja kizima, sisi "mtaandikiana".

Ya pili iko Kianga. Hiyo imesimama peke yake katikati ya kiwanja cha mita 20 kwa 25, vyumba vinne, milioni 70. Haijakwisha. Haina dari, sakafu ni saruji tupu, milango imetiwa ya mbele na ya nyuma tu, uzio hakuna, maji ni ya kisima cha jirani, nguzo ya umeme iko mbali kidogo. Njia ni ya udongo. Karatasi iliyopo ni ya mauziano, ina muhuri wa sheha, kiongozi wa mtaa. Muuzaji anasema shamba ni la marehemu babu yake, ni eka tatu zile, na wao wajukuu wamegawana.

Mume wangu kaipenda Kianga siku ya kwanza. Alizunguka nyumba nzima kwa miguu, akarudi akaniambia, "Hii unaweza kuizunguka." Ile ya Kiembesamaki anasema mwanamme hanunui nusu nyumba. Tena mama yake, mavyaa wangu, anakuja kutoka Wete, Pemba, kukaa nasi moja kwa moja, ana presha na magoti yanamsumbua, na anataka kuja na kuku wake. Mume wangu anasema mama yake hawezi kumalizia umri wake ndani ya behewa.

Moyo wangu mimi uko Kiembesamaki. Kila usiku tukishazima taa mazungumzo ni hayo hayo. Nisaidie, Shangazi. Tuchukue ipi? Na ukuta ule unaweza kuzibwa sauti, au nitaishi na kikohozi cha watu maisha yangu yote?

Mpika mikate, Mpendae


Waalaykumu salaam, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilicheka peke yangu. Sababu nitakwambia.

Nianze na huyo anayekohoa. Umeuliza kama ukuta unaweza kuzibwa sauti, lakini kwanza tujue sauti inapita wapi. Tofali la saruji la inchi sita, likapigwa plasta huku na huku, linazuia kikohozi vizuri tu. Utasikia mlango ukibamizwa, msumari ukigongwa, spika kubwa ikinguruma. Kikohozi cha mtu aliyelala hakikufikii namna ulivyoeleza. Basi mimi nikisikia hadithi kama yako naangalia juu. Wajenzi wa nyumba za kupangisha wana tabia ya kuupandisha ukuta wa kati mpaka usawa wa dari, wakaishia hapo. Juu ya dari, chini ya bati, panabaki uwazi mmoja unaopita nyumba zote mbili, kama pango. Sauti inapanda kwake, inatembea, inashuka kwako. Na haitembei sauti peke yake. Panya wanapita humo humo, moshi wa jikoni unapita, mwizi mwembamba anapita, na moto, Mungu apishe mbali, hauulizi mlango wa nani.

Kwa hivyo ukirudi Kiembesamaki nenda na tochi na kijana anayeweza kupanda. Afungue kidirisha cha dari, amulike upande wa ukuta wa kati. Akiona tofali mpaka kwenye bati, basi ukuta wenyewe ndio mbovu, labda ni wa inchi nne au soketi za huku na huku zimetobolewa mahali pamoja zikatazamana. Hilo lina dawa yake ya plasta na kuhamisha soketi. Akiona uwazi, na ningekuwa mtu wa kubashiri ningesema atauona, dawa ni kuupandisha ukuta. Nyumba yenye kina cha mita kumi na paa la kawaida, pembetatu hiyo ni tofali mia moja hivi. Hiyo ni kazi ya siku mbili tatu kwa fundi na kibarua wake, na gharama ni ya muuzaji kabla hajaona shilingi yako.

Sasa kicheko changu. Mwanangu, umenieleza kikohozi cha mpangaji kwa mistari minne, kisha ukanambia, bila kujali, kwamba kila siku alfajiri unapika mikate ya kumimina. Mchele uliorowekwa na tui la nazi havisagiki kwa mkono. Mashine yako inawaka saa ngapi, saa kumi? Ukuta unaopitisha kikohozi chake kuja kwako utapitisha mashine yako kwenda kwake, na yeye hakohoi kwa kupenda. Katika nyumba hizo mbili, mwenye kelele ni wewe. Basi usiitie mashine kwenye jiko hilo la ndani kama jiko linapakana na ukuta wa kati. Kijengee kibanda cha kupikia kwenye kona ya kiua iliyo mbali na jirani, na moshi wa makaa utafute njia ya kwenda kwingine.

Nisemavyo si kwamba naziogopa kuta za pamoja. Mimi nimelelewa Michenzani, kwenye hayo mabehewa anayoyasema mumeo. Nyumba yetu ya udongo ya Ng'ambo ilivunjwa kupisha majumba yale marefu yaliyoanzishwa enzi za Mzee Karume kwa msaada wa Wajerumani wa Mashariki, na watu wakayaita treni. Ukuta kushoto, ukuta kulia, mtu juu, mtu chini. Na kabla ya treni, Mji Mkongwe wote umeshikana bega kwa bega, ila wale walijenga kwa jiwe na chokaa, ukuta nusu mita na zaidi, hata ukipigiwa ngoma upande wa pili unasikia mvumo tu. Wazee wengine walitaka hasa nyumba zishikane. Ndugu wawili wakitenganishwa na njia walijenga wikio juu yake, chumba kama daraja, ili wanawake wapite kutoka nyumba moja hadi nyingine bila kushuka barabarani. Na mwambie mumeo, kama utani, kwamba behewa kabla ya kuwa la treni lilikuwa ua wa ndani wa nyumba ya Kiswahili.

Tena kuna jambo ambalo madalali hawaliulizwi. Ukuta wa pamoja uko upande gani wa dunia? Hapa kwetu jua linalochoma ni la asubuhi mashariki na la alasiri magharibi, hili la pili ndilo baya, ukuta unakunywa joto saa nne nzima halafu usiku unalitapika chumbani. Jirani akiwa magharibi yako, amekukinga bila malipo. Upepo nao unakuja kwa zamu mbili. Kaskazi hutoka upande wa kaskazini na mashariki, tangu Disemba mpaka Februari au Machi. Kusi hutoka kusini na mashariki, katikati ya mwaka. Nyumba pacha ambayo ukuta wake wa kati uko mashariki au magharibi inabakisha madirisha ya kaskazini na kusini, upepo unaingia huku unatokea kule. Ukuta ukiwa kusini au kaskazini, zamu moja ya upepo umeinyimwa mwaka hadi mwaka, na umeme wa feni utaununua kwenye Tukuza mpaka uzeeke. Nenda saa tisa mchana, ushike kuta kwa kiganja. Nyumba ya peke yake ya Kianga haina tatizo la upepo, lakini haina dari, na bati bila dari mchana wa Februari nadhani nyote mnajua ni kitu gani.

Nakuja kwa mumeo. Anasema hanunui nusu nyumba. Anayasema kwa maringo ya kiume, na bila kujua amegusa penyewe. Kinachoifanya ile kuwa nusu nyumba si ukuta, ni ile "mtaandikiana" ya dalali.

Sikiliza vizuri hapa. Zanzibar ardhi yote ni ya umma, iko chini ya Rais kwa niaba ya wananchi, na sheria ya umiliki wa ardhi ya 1992 ndiyo inayotoa haki ya kuitumia. Unachonunua ni haki hiyo pamoja na kilichojengwa juu yake. Haki inakaa kwenye hati, na hati ya Kiembesamaki ni moja, jina moja, kiwanja kizima. Mkiandikiana mezani kwa wakili tu, mbele ya mashahidi, utakuwa na karatasi inayosema ulitoa milioni 85, na mwenye hati atabaki yule yule. Anaweza kuiweka benki kukopea. Anaweza kuuza kizima kwa mtu asiyekujua. Na akifariki, kwa sababu ajali haina kinga, nyumba inaingia kwenye mirathi, wajane na watoto kila mmoja na fungu lake, na wewe utakuwa unamweleza kadhi na mahakama ya ardhi kwamba upande wa mlango wa kijani ni wako.

Hata akikutia jina mkawa wawili kwenye hati moja isiyogawanywa, bado. Hapo mmekuwa washirika, na ushirika una hukumu zake. Kwa madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu, shufaa ni haki ya mshirika katika mali isiyogawanywa. Yaani siku ukitaka kumuuzia dada yako, mwenzako ana haki ya kuichukua yeye kwa bei ile ile. Jirani wa ukuta aliyekwishagawana hana haki hiyo. Kwa hivyo kugawa kunakupa uhuru, na mgawane kwanza, fedha baadaye.

Njia yake ni hii. Muuzaji aende Kamisheni ya Ardhi akigawe kiwanja, mpimaji apite katikati ya ukuta, zitoke namba mbili na hati mbili. Au, kama maafisa wataona jengo linafaa kushughulikiwa kama jengo moja lenye sehemu, tangu 2010 ipo sheria ya kondominio inayomwezesha mtu kumiliki sehemu ya jengo. Kisha uhamisho wenyewe uende Bodi ya Uhaulishaji wa Ardhi ukapate idhini. Hati iandikwe majina mawili, la mumeo na lako. Fedha za mikate si mchango wa shughuli.

Katika mkataba wa kuuziana yaandikwe mambo ambayo nyumba ya peke yake haiyataki. Ukuta wa kati ni wa wote wawili, hakuna wa kuubomoa wala kuutoboa bila mwenzake. Bati likichakaa upande mmoja, kiungo kinarekebishwa kwa gharama ya nani? Maji ya mvua ya paa lako yanaangukia wapi? Unaweza kuona ni ugomvi, lakini dini yenyewe imelishughulikia. Mtume, rehema na amani zimshukie, alikataza jirani kumzuia jirani yake kuegeza boriti kwenye ukuta wake. Miaka zaidi ya 1,400 watu wanagombania ukuta, wewe hutakuwa wa kwanza kusalimika kwa sababu mnaheshimiana.

Na hao wageni aliowaropoka dalali. Hili ndilo linalonitia wasiwasi kuliko kikohozi. Mpangaji unaweza kumzoea, ukampelekea kipande cha mkate moto, mambo yakaenda. Nyumba ya wageni upande wa pili, kila siku tatu sura mpya, masanduku yanaburuzwa saa nane za usiku, muziki, na mavyaa wako anaswali nyuma ya ukuta huo huo. Biashara ya kulaza watalii inahitaji leseni ya Kamisheni ya Utalii, si jambo la mtu kuamka asubuhi akaweka vitanda. Lakini usitegemee leseni ikulindie usingizi. Mwambie mwenye nyumba uso kwa uso, si kwa dalali, kwamba unataka sharti kwenye mkataba kuwa upande ule utabaki makazi ya familia. Akikataa kuandika, amekujibu.

Karo. Likiwa moja, jua liko kwenye kiua cha nani. Kama liko kwake, siku limejaa na gari la kunyonya linahitajika, geti ni lake na ruhusa ni yake. Mwanamke mmoja aliwahi kuniandikia kwamba alikaa Ramadhani nzima na choo kisichotumika kwa sababu jirani alikuwa safari na ufunguo wa geti ulikuwa mfukoni mwake. Mpe muuzaji masharti akuchimbie lako upande wako, au apunguze bei ulichimbe mwenyewe. Marumaru yasikupumbaze. Nyumba njema si mlango, na Zanzibar ndiko tunakolijua hilo zaidi, sisi wenye milango.

Haya, Kianga.

Sina ubaya na Kianga wala na nyumba ya peke yake. Ningekuwa na chaguo mikononi, nyumba ya kuzunguka ina raha yake. Khitma unaweka turubai uani bila kuomba kiua cha mtu. Mtoto akioa unaongeza vyumba nyuma. Ukitaka kupanda ghorofa unazungumza na fundi na maafisa wa vibali, si na jirani. Pacha hayo yote inakunyima au inakupunguzia.

Ila hiyo ya Kianga ni milioni 70 kwa jina tu. Kiwanja cha mita 20 kwa 25 kina mzunguko wa mita 90. Uzio wa kimo cha mita mbili ni mita 180 za mraba, tofali karibu 1,700, hujahesabu msingi, nguzo, saruji, geti. Na mchanga Unguja si wa kuzoa ufukweni, unachimbwa kwa kibali na bei yake unaijua. Ongeza dari, sakafu, milango ya vyumba, nguzo za kuvuta umeme, kisima au mfereji. Milioni 20 mtakazobakiwa nazo zitaishia njiani. Kisima mkikichimba, wataalamu wa maji wanashauri kisipungue mita 30 kutoka kwenye karo, na kiwanja chenyewe kina mita 25 upande mrefu, kwa hivyo itabidi mjue makaro ya majirani wote yako wapi. Kipindupindu tumeshakiona mara nyingi visiwani hapa, siongezi neno.

Hayo yote ni fedha, na fedha hutafutwa. Kinachonifanya nikuzuie ni ile "eka tatu". Baada ya Mapinduzi serikali ilitaifisha mashamba ikawagawia wananchi wasiokuwa na ardhi eka tatu tatu, walime. Hazikutolewa viwanja vya kujengea. Kuzikatakata na kuuza bila idhini ya serikali ndiko kulikozaa kesi nyingi, na muhuri wa sheha haugeuzi shamba kuwa kiwanja. Sheha anathibitisha kuwa anawajua watu wake na waliuziana mbele yake. Haki ya ardhi haitoi yeye. Tena wajukuu "wamegawana". Wangapi? Wote wameweka saini, na yule aliyeko Dubai, na yule wa tumbo jingine? Nyumba unaizunguka leo kwa miguu, kesho anakuja mtu na mkanda wa kupimia anakwambia kona hii ya jiko ni fungu la mama yake. Kwa karatasi hizo, mwanangu, hiyo ya peke yake ina washirika wengi kuliko pacha.

Na wewe mwenyewe. Maduka yako manne yako Mpendae. Kutoka Kianga utaamka saa nane badala ya saa kumi, mikate upakie bodaboda kwenye njia ya udongo mwezi wa masika, kisha urudi skuli Kiembesamaki. Sidhani mumeo amelihesabu hilo alipokuwa anazunguka.

Kuhusu mama yake nitakusimulia kisa kimoja, umsomee na yeye. Marehemu mama yangu alikaa Michenzani mpaka mwisho. Siku moja asubuhi, sote tuko kazini, alianguka msalani akashindwa kuinuka. Alikuwa na kata ya maji mkononi. Akagonga ukuta kwa ile kata. Jirani wa upande wa pili, ambaye kwa miaka tulikuwa tunanung'unika redio yake, alisikia, akaja, mlango umefungwa, akaita vijana wakauvunja. Mimi nilipigiwa simu mama ameshafika hospitali. Mavyaa wako ana presha na magoti. Nyinyi wawili mtakuwa kazini, watoto skuli. Kianga, katikati ya kiwanja kisicho na uzio, akigonga ukuta atasikia nani?

Kwa hivyo jibu langu ni Kiembesamaki, lakini si Kiembesamaki hii uliyooneshwa. Ni Kiembesamaki yenye hati mbili, ukuta uliofika kwenye bati, karo lako na sharti la makazi ya familia. Muuzaji akikubali hayo na bei ikabaki 85, bado umefaidi. Akikubali mengine akakataa kugawa hati, ondokeni, na msirudi Kianga kwa hasira. Kodini mwaka mmoja tena, fedha zenu haziozi. Mwezi wa sita mtapata chumba popote, hati mbovu inakaa na mtu miaka ishirini.

Mumeo usishindane naye usiku taa zikiwa zimezimwa. Mpeleke mchana Kamisheni ya Ardhi, waulizeni wote wawili hali ya eneo lile la Kianga na ile hati ya Kiembesamaki. Aambiwe na mtu wa kaunta, si na mke. Wanaume wengi wanamsikia mtu wa kaunta. Na mkitoka hapo mpitishe Kiembesamaki wakati wa magharibi, mkae kwenye barza ya mbele nusu saa, mumsalimie huyo mpangaji. Huenda ni mtu mwema mwenye kifua kibovu tu.

Dalali akidai arubuni "kuishikilia", usitoe hata laki moja mpaka umeiona nakala ya hati na umekutana na mwenye jina.

Na mavyaa umwambie kuku waje. Kiua cha nyuma kinatosha kuku sita na kibanda chao, kando ya jiko lako la mikate. Jogoo abaki Wete.